Mpwa wangu Pangaboi na mkanda wangu

Wadau, kibaraza kimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama nimeacha kuandika au nimepata kazi serikalini. Hapana, bado ni yule yule, ripota wa gazeti, mkazi wa Chanika, anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala kabla watu hawajaanza kuingilia madirishani. Nilikuwa na jambo la nyumbani. Nimejiuliza sana kama ni la kuandika hadharani, maana ndani yake mimi si mtu mzuri. Lakini dada yangu, ambaye ndiye mwenye mtoto, ameniambia: andika. Basi naandika.

Nyumbani tuko wanne: bi mkubwa, dada yangu, mwanawe wa kiume wa miaka 9, na mimi. Jina la mtoto nitaliacha. Mtaani wamembatiza Pangaboi, kwa sababu akishawashwa hakai. Ukimkuta amekaa, mguu unacheza. Mguu ukitulia, vidole vinagonga meza. Vidole vikitulia, mdomo unaongea. Swali lako analijibu kabla hujalimaliza. Daftari lake la hesabu lina tarehe, lina swali la kwanza, lina nusu ya swali la pili, halafu kuna picha ya bodaboda. Ukurasa unaofuata hivyo hivyo: tarehe, swali moja na nusu, bodaboda. Na bodaboda zenyewe kazichora vizuri mpaka spoki unazihesabu.

Kwa mwaka mzima alikuwa anarudi kutoka shule na alama za fimbo, na sisi nyumbani tunaongezea. Majirani kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema mtoto kadekezwa kwa kuwa baba hayupo. Mwingine alisema ana kitu, asomewe. Bi mkubwa jibu lake lilikuwa la siku zote: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mimi, msomi wa nyumba, niliyekaa chuo kikuu miaka mitatu, ninayeandika makala ya haki za watoto kila inapofika tarehe 16 Juni, nilikubaliana na bi mkubwa.

Sasa ikaja Jumamosi moja. Nilikuwa na habari ya kumalizia, mhariri anapiga simu kila nusu saa. Nikamtuma Pangaboi dukani na noti ya shilingi 10,000: nusu lita ya mafuta ya kupikia, unga kilo mbili, chenji urudishe. Dukani ni mwendo wa dakika tano. Nikamwambia mara tatu, naye akayarudia yote bila kukosea hata neno moja. Akatoka mbio. Alirudi baada ya saa mbili, bila mafuta, bila unga, bila noti. Njiani alipita kwa fundi pikipiki, akakuta injini imefunguliwa.

Nilimchapa. Sitasema nilimchapa kidogo, kama tunavyosema tukitaka kujisafisha. Nilivua mkanda. Nilimchapa mpaka bi mkubwa, yule yule wa asiyesikia la mkuu, akaja kunishika mkono. Na katikati ya kilio kile mtoto akasema: "Mjomba, nilikuwa najua. Nilikuwa najua, ila sikukumbuka kama najua."

Usiku ule usingizi ulinipaa. Kazi yetu hii inakufundisha kitu kimoja: mtu akitunga uongo, anatunga unaoeleweka. Angeweza kusema kaporwa, angeweza kusema duka limefungwa. Hakuna mtoto anayetunga uongo wa namna ile. Pangaboi hakuwa ananidanganya, alikuwa ananipa taarifa, na mimi mtu wa kutafuta taarifa nilikuwa nimeshika mkanda. Ndipo nikaanza kufanya kile ambacho ningekifanya mapema kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine. Nikaanza kuuliza.

Baada ya wiki mbili, mimi, dada na Pangaboi tukapanda gari alfajiri kwenda hospitali moja mjini yenye kliniki ya watoto ya afya ya akili. Bi mkubwa aligoma kuja. Kwake yeye neno "akili" na neno "hospitali" yakikaa pamoja maana yake ni Mirembe ya Dodoma, na Mirembe kwa watu wa umri wake ni tusi.

Nilitegemea kuona mashine. Nilidhani watamlaza mtoto, watapiga picha ya kichwa, watatuonyesha doa. Hakuna. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa na karatasi na maswali. Alianza lini? Nyumbani tu au na shuleni? Analala vizuri? Anasikia vizuri? Macho yamepimwa? Shule ikapewa fomu yake ya kujaza. Tuliporudi mara ya pili akatueleza kwamba kuna orodha ya dalili, kwamba mtoto anatakiwa awe na angalau sita kwa muda wa miezi sita au zaidi, zionekane katika mazingira zaidi ya mamoja, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na ziwe zinamharibia maisha. Pangaboi alikuwa nazo za kutosha na kubaki. Jina lake ni refu, upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliokithiri, ndiyo maana dunia nzima inalifupisha na kuliita ADHD.

Nikamuuliza kwa nini hakuna mashine. Jibu lake nilikuja kulithibitisha mwenyewe baadaye. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa nchi nyingi lilitoa matokeo ya picha za ubongo za watu zaidi ya 3,200, wenye tatizo hili na wasio nalo. Walikuta kweli kuna tofauti: baadhi ya vifundo vilivyo ndani kabisa ya ubongo ni vidogo kidogo kwa wenye ADHD, hasa kwa watoto. Lakini tofauti yenyewe ni ndogo mno. Unaiona ukiwaweka watu mamia pamoja. Ukichukua picha ya mtoto mmoja huwezi kusema huyu anayo, yule hana.

Haya, ndani ya kichwa kunatokea nini? Nitaeleza kama nilivyoelewa mimi, mtu wa sanaa niliyeikimbia baiolojia.

Mfikirie konda wa daladala ya Chanika. Noti kazikunja katikati ya vidole. Anakumbuka nani hajalipa, nani anadai chenji, nani anashuka Banana na nani anashuka Pugu Kajiungeni. Akiona umebakiza kituo kimoja anagonga bodi, dereva anapunguza. Sehemu ya mbele ya ubongo, hii iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo konda wetu. Inashikilia jambo kichwani wakati unalifanya, inazuia mkono usinyanyuke, inapima kwamba hiki kingoje, kile kitangulie. Haifanyi kazi peke yake. Imeunganishwa na vile vifundo vya ndani, ambavyo ndivyo vinavyoamua tendo lipi liruhusiwe na lipi lizuiwe.

Mawasiliano hayo yanategemea kemikali, na mbili ndizo zinazotajwa sana: dopamini na noradrenalini. Seli za ubongo zina mwanya kati yake. Seli moja inamwaga kemikali, ya pili inaipokea, kisha kuna pampu inayoinyonya na kuirudisha ilikotoka. Katika ADHD usambazaji huu hauendi sawasawa. Si kwamba dopamini imekatika kichwani kama maji ya bomba. Tatizo liko kwenye inatoka wakati gani, kwa kitu gani, na ujumbe unafika ukiwa na nguvu kiasi gani. Konda yupo, tena ana akili timamu, lakini anagonga bodi kwa kidole kimoja wakati redio ya gari imefunguliwa mpaka mwisho.

Dopamini ndiyo pia inayouambia ubongo kwamba kitu fulani kina faida, kifuate. Kwa watu wengi faida ya mbali bado inavuta kidogo: nikimaliza hesabu leo, nitafaulu mwisho wa mwaka. Kwa mtoto wa aina ya Pangaboi faida ya mbali inafifia haraka sana, na iliyo mbele ya macho inang'aa kama taa ya harusi. Unga na mafuta vilikuwa mbali, mwendo wa dakika tano. Injini ilikuwa wazi pale pale. Ndiyo maana anaweza kuchuchumaa kwa fundi saa mbili bila kuomba maji, halafu ashindwe kukaa dakika nne na hesabu za kutoa. Sisi tulikuwa tunasema, "Mbona vya kwake anaviweza?" tukidhani tumemkamata. Kumbe umakini anao. Kinachomshinda ni kuuelekeza pale anapotaka na kuutoa pale usipotakiwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Russell Barkley, amekuwa akisema kwa miaka mingi kwamba shida ya watu hawa si kujua la kufanya, ni kulifanya wanalolijua, kwa wakati wake. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Mpwa wangu alinieleza jambo hilo hilo nikiwa nimeshika mkanda.

Kuna mambo mengine mawili ambayo yalinigusa. La kwanza ni kwamba ubongo una mtandao unaofanya kazi ukiwa umepumzika, unapowaza yako. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake kule Marekani waliuelezea vizuri. Kwa kawaida ukianza kazi inayohitaji umakini, mtandao huo unapunguza sauti. Mwaka 2007 watafiti wawili, Edmund Sonuga-Barke na Xavier Castellanos, walipendekeza kwamba katika ADHD haupungui vya kutosha, unaingilia kazi. Mtoto anaandika swali la pili, ghafla yumo kwenye bodaboda. Hakuamua. Aliondoka bila kujiaga.

La pili ni la mwaka huo huo 2007. Philip Shaw na wenzake walipima gamba la ubongo la watoto 223 wenye ADHD na 223 wasio nayo. Gamba hili hunenepa utotoni, likafika kileleni, kisha likaanza kupungua. Nusu ya sehemu walizozipima zilikuwa zimefika kileleni kwenye umri wa miaka 7 na nusu kwa watoto wa kawaida. Kwa wenye ADHD ilikuwa miaka 10 na nusu, na ucheleweshaji mkubwa zaidi ulikuwa sehemu ya mbele, kwa konda. Lakini sehemu inayoendesha viungo vya mwili iliwahi kidogo. Yaani injini imewahi, breki zimechelewa. Nilipiga hesabu ya mtoto wetu. Ana miaka 9. Tulikuwa tunadai breki za mtoto wa miaka 9 kwa mtoto ambaye kwenye breki huenda ana 6.

Haya, turudi kliniki. Daktari alipouliza historia ya mtoto, dada akaitaja degedege. Akiwa na miaka mitatu Pangaboi aliumwa malaria kali, akakakamaa, macho juu. Bibi mmoja jirani akasema ni dege, yule ndege wa usiku, asichomwe sindano. Dada hakumsikiliza, akambeba mpaka kituo cha afya kwa bodaboda. Alilazwa siku sita na akapona. Kwa hiyo dada alikuwa na swali lake kwa miaka sita nzima, na siku ile akaliuliza: je, ni mimi nilichelewa kumpeleka?

Daktari hakumdanganya wala hakumvunja moyo. Alimwambia malaria ya kichwani inaweza kuacha madhara. Na ni kweli, jirani zetu Waganda wamelifanyia kazi sana jambo hili. Utafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, uliotolewa mwaka 2008, uliwafuatilia watoto waliopona malaria ya kichwani. Baada ya miaka miwili, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu fulani wa uwezo wa akili, na eneo lililoumia zaidi lilikuwa umakini. Mwaka 2010 Richard Idro na wenzake, hapo hapo Uganda, wakaeleza juu ya watoto waliobaki na utukutu uliokithiri baada ya ugonjwa huo. Kwa hiyo nchi zetu zina mlango wa kuingilia tatizo hili ambao vitabu vya Ulaya havizungumzii sana.

"Lakini," daktari akasema, "kwa mtoto mmoja huwezi kujua ni lipi. Wewe ulimkimbiza hospitali, ulifanya la kufanya. Na jambo hili mara nyingi ni la urithi." Hilo nalo nililitafuta. Tafiti za mapacha zikijumlishwa zinaonyesha kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika ADHD inaelezwa na urithi. Hakuna jini moja la kulaumu, ni mengi, kila moja linasukuma kidogo.

"Kwenye familia yenu kuna mwingine wa namna hii?" daktari akauliza. Dada akanigeukia mimi. Pangaboi naye akanigeukia. Nimepoteza simu tatu ndani ya mwaka mmoja, na chuo niliandika tasnifu yangu usiku mmoja kabla ya kukabidhi. Tukacheka wote.

Daktari hakucheka sana. Akaanza kueleza kwamba ADHD si utukutu peke yake. Mwaka 1980 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kiliitaja kwa mara ya kwanza kama tatizo la umakini, lenye utukutu au lisilo na utukutu. Mwaka 1994 wakaigawa katika aina tatu: wa kutotulia, wa kutozingatia, na wenye vyote viwili. Tangu 2013 wanasema ni sura tatu na si aina, kwa sababu mtu anaweza kuwa na sura hii utotoni na nyingine ukubwani. Pangaboi ana vyote viwili. "Ila wanaotupita bila kuonekana," akasema, "ni wa kutozingatia. Hasa wasichana. Hasumbui mtu. Amekaa kimya, anatazama dirishani, mwalimu anafurahi kwamba darasa limetulia. Anaitwa na nusu sentensi imeshampita. Anapoteza kalamu, anasahau alichotumwa, anasoma ukurasa mmoja mara nne. Mwisho wanamwambia ni mzito. Na yeye anakubali."

Nikasikia dada kanyamaza. Si kunyamaza kwa kawaida. Nikamtazama, nikakuta machozi yanashuka na hayafuti.

Wadau, hapa ndipo nilipokwama wiki zote hizi. Dada yangu ananizidi miaka mitatu. Alirudia darasa la nne. Kidato cha pili alifeli. Shuleni walimwita kilaza, nyumbani tulimwita mzito, na mimi mdogo wake nilikuwa wa kwanza kwa kulitumia neno hilo maana lilinifanya nionekane mwepesi. Marehemu baba alikuwa na uwezo wa kulipa ada ya mtoto mmoja tu. Akakaa na bi mkubwa, wakaamua ada iende kwa mwenye kichwa. Mwenye kichwa ndiye mimi. Dada akaenda kujifunza cherehani, akaacha, akauza chipsi, akaacha. Chuo kikuu nilichosoma, kazi ninayofanya, hata hiki kibaraza mnachosoma, vyote vimesimama juu ya uamuzi ule.

Daktari hakumpa jina la ugonjwa papo hapo. Alisema mtu mzima hapimwi kwa machozi, apange siku yake aje. Lakini kwenye daladala ya kurudi, tumebanwa, Pangaboi amelala mapajani kwangu, dada akaniambia: "Mdogo wangu, unajua mimi nilikuwa najifinya? Mwalimu akianza kufundisha najifinya paja ili nimsikie. Nilikuwa na alama nyeusi. Mama alidhani ni mbu." Akatazama dirishani mpaka tunafika. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina.

Kuna utafiti mwingine nataka kuutaja kwa sababu ni wa kwetu Afrika Mashariki na kwa sababu ulinisaidia kuacha kulitazama jambo hili kama kilema tupu. Kaskazini mwa Kenya kuna wafugaji wanaoitwa Ariaal, ndugu wa Wasamburu na Warendille. Wengine bado wanahamahama na mifugo, wengine wametulia vijijini na kulima. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima wanaume wa pande zote mbili. Waliangalia aina fulani ya jini linalohusika na kupokea dopamini, aina ambayo tafiti nyingine zimeihusisha na ADHD. Kati ya wanaohamahama, wenye aina hiyo walikuwa na afya ya mwili nzuri kuliko wenzao. Kati ya waliotulia, wenye jini lile lile walikuwa wamekonda kuliko wenzao.

Tusiutie chumvi. Walipima lishe, hawakupima ADHD, na jini moja halimfanyi mtu. Lakini swali linabaki. Kitu kile kile ndani ya mwili, mahali pamoja kinafaa, mahali pengine kinaumiza. Sasa mchukue mtoto wa namna hiyo, umweke kwenye chumba kimoja na wenzake zaidi ya 100, watatu hadi wanne dawati moja, joto la Dar, mwalimu mmoja, umwambie atulie saa nne. Hapo tunapima ubongo wake, au tunapima chumba?

Nilikwenda shuleni kwao. Nilikwenda na hasira ya kiuandishi, nimebeba nakala ya kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zinazosema visizidi vinne, na achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Nilikuta mwalimu wa kike kijana, huenda umri wangu, sauti imekauka, daftari zimepangwa mpaka kidevuni. Akanisikiliza. Kisha akaniuliza kwa upole: "Kaka, na wewe nyumbani humchapi?" Kanuni zangu nikazikunja nikazirudisha mfukoni.

Tukazungumza kama watu. Nikamweleza juu ya konda na breki. Akasema kumbe ndiyo maana ukimchapa anatulia dakika tano tu. Ndiyo, fimbo inafika mwilini, inafika kwenye hofu, lakini breki haiwezi kuikomaza. Samaki mkunje angali mbichi, sawa, ila huwezi kumkunja samaki ambaye bado hajavuliwa. Tulikubaliana madogo yanayowezekana katika darasa la watu 100: akae mbele, mbali na dirisha, apewe maswali mawili mawili badala ya kumi, awe ndiye anayefuta ubao na kugawa daftari ili mwili upate ruhusa ya kusimama.

Najua mtauliza kuhusu dawa. Zipo, na zina historia ndefu. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya kuchangamsha mwili, akashangaa kuona karibu nusu wamebadilika kabisa katika masomo. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, akatengeneza methilifenideti, inayojulikana zaidi kwa jina la Ritalin. Inaziba ile pampu, dopamini inabaki kidogo zaidi kwenye mwanya. Watu huuliza dawa ya kuchangamsha inamtulizaje mtoto aliyechangamka kupita kiasi. Ni kwa sababu inampa konda nguvu ya kugonga bodi. Haiponyi, ikiisha mwilini imeisha, inaweza kukata hamu ya kula na usingizi, na si ya kununua kiholela. Mwaka 2019 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu, wakisema ushahidi haujatosha, hivyo kwa nchi zetu njia haikuwa nyepesi. Kwetu daktari alisema tuanze na nyumbani na shule, la dawa tutalizungumza baada ya miezi mitatu.

Nyumbani tumebadilisha nini? Tunamtuma kitu kimoja, si vitatu. Hela inafungwa kwenye kitambaa pamoja na karatasi, muuzaji anaisoma. Akimaliza swali moja la hesabu anazunguka nyumba mara moja kwa mbio, anarudi kwa la pili. Fundi pikipiki amekubali akae kwake saa moja kila Jumamosi, lakini daftari lioneshwe kwanza. Sitawadanganya kwamba amekuwa malaika. Juzi kapoteza kiatu, kimoja, na hakuna anayeelewa ilikuwaje. Bi mkubwa bado anaitaja methali yake, ila sasa anaishia katikati, "asiyesikia la mkuu...," anamtazama mjukuu wake, anaguna, anaendelea kuchambua mchele.

Wiki iliyopita nilimkalisha barazani nikamwomba msamaha. Nilianza kwa kuzunguka, kama sisi wakubwa tunavyofanya. Akanikatisha kabla sijamaliza, kama kawaida yake.

"Ile siku ya mkanda?"

Nikasema ndiyo, ile siku ya mkanda.

"Ulikuwa umevaa shati la bluu," akasema. "Ulinipiga saba."

Huyu ndiye mtoto anayesahau kalamu, kiatu, unga na hesabu za kutoa. Hilo hakulisahau hata kidogo. Kisha akainuka, mguu ukiwa tayari unacheza, akaniuliza kama anaweza kwenda kwa fundi. Nikamwambia daftari kwanza.

Dada anarudi kliniki Alhamisi ijayo, safari hii kwa ajili yake mwenyewe. Nimeomba ruhusa kazini, nitampeleka. Nauli nalipa mimi.

Jumapili njema wadau, tuko pamoja.